Kabla hujakifuta kifaa cha mtu: maneno kwa vijana wa field

Jumanne asubuhi nilipita nyuma ya kiti cha kijana wetu wa field, nikakuta mshale wake umesimama juu ya Delete kwenye dashibodi ya Entra, mfumo wa Microsoft wa akaunti na vifaa vya kazini. Unafuta nini? "Kaka, hii kompyuta ya Dodoma inagoma RDP tangu jana. Nimeona niifute niiunge upya, itakaa sawa." RDP ndiyo njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Nikamshika mkono kabla hajabonyeza. Alishtuka, maana sina tabia ya kushika watu mikono ofisini. Basi nyinyi mliokuja mwaka huu, kaeni hapa kidogo. Wa mwakani nao nitawaonyesha haya haya, maana najua watafanya vile vile.

1. Soma kosa lote. "Imekataa" si kosa, ni malalamiko. RDP ikisema haiioni kompyuta, shida iko njiani: imezimwa, imelala, VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) imekatika, au mtandao umewekwa Public na faiawoli imefunga mlango 3389. Ikisema jina au neno la siri halikubaliki, njia ni nzima, umeshafika mlangoni na kilichobaki ni funguo. Kila wiki nawaona mkihangaika na funguo za nyumba ambayo hata mtaa wake hamjaufikia.

2. Jina la kuingilia linaandikwa AzureAD\ kisha barua pepe ya kazini, nzima nzima. Ndiyo, Azure AD Microsoft waliibadilisha jina ikawa Entra ID mwaka 2023. Kompyuta hazikupewa taarifa. Kuna mmoja wenu aliandika Entra\ kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, na nilipomrekebisha akanieleza kwa upole kwamba lile langu ni la kizamani.

3. dsregcmd /status, amri inayoonyesha kama kompyuta imeungwa na Entra, kabla ya chochote, na pande zote mbili. Ile ya ofisini AzureAdJoined iwe YES. Laptopu unayotokea nayo iwe imeungwa au imesajiliwa kwenye tenanti hiyo hiyo, yaani eneo la kampuni ndani ya Entra, la sivyo NLA, ukaguzi wa RDP kabla skrini haijafunguka, inakutupia ujumbe ule ule wa neno la siri, na wewe unaanza kumgombeza mtumiaji asiye na kosa.

4. Muulize mtumiaji anabonyeza nini hasa. Hapa naomba uvumilivu, maana hili lina historia.

Mwaka 2021, mwisho wa mwezi, mama mmoja wa uhasibu kwenye tawi la Mwanza alivuka na kivuko cha Kigongo kwenda Sengerema kumuuguza mama yake. Kompyuta yenye mishahara ilibaki ofisini, yeye akaondoka na laptopu na VPN. Akanipigia: "Mwanangu, inakataa neno la siri." Mama, umeandika vizuri? "Nimeandika vizuri, ndilo ninaloandika kila asubuhi." Kama ningembadilishia neno la siri, yangeishia hapo. Lakini nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, na kubadilishia watu maneno ya siri niliona ni kazi ya field. Nikajaribu kuingia mwenyewe kwa akaunti yangu. Ikanikataa. Nilikuwa sijaweka AzureAD\ mbele, nendeni mkasome tena namba mbili. Nikahitimisha kwamba muungano wa ile kompyuta na wingu, yaani Entra, umevunjika.

Nikampigia kijana wa mapokezi aniwashie, aingie, anifungulie programu ya msaada. Akaingia kwa akaunti yake ya kazini, mara moja. Jibu lilikuwa mezani: kompyuta imempokea mtu kwa akaunti ya wingu, muungano uko hai na afya tele. Sikuliona. Nilikuwa nimeshaamua ugonjwa, natafuta dawa tu.

Nikaenda kwenye Settings kuiondoa kwenye akaunti ya kazi. Ikaniuliza jina na neno la siri la msimamizi wa ndani ya kompyuta. Nikaona inanichelewesha. Nikafunga, nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, dsregcmd /leave, amri ya kuitoa kompyuta kwenye muungano, Enter. Kimya. Kisha nikaenda kwenye dashibodi nikakifuta kifaa, ili kikirudi kirudi kisafi. Nikaiwasha upya, nikanyanyuka kwenda kuchukua chai.

Niliporudi ilikuwa kwenye skrini ya kuingia, na hakuna binadamu mwenye akaunti ndani yake. Za wingu nimezikata. Administrator wa ndani huja amezimwa, na mimi sikumwasha. Nikasema haidhuru, tutapitia recovery, sehemu ya uokoaji ya Windows, nikamwelekeza kijana ashike Shift abonyeze Restart. Akanisomea kwenye simu: "Kaka, inataka namba za BitLocker, ziko 48." Nikamjibu kwa sauti ya mtu mzima: subiri nikusomee.

BitLocker ndiyo kufuli ya diski, na namba zake hukaa kwenye dashibodi, chini ya kifaa chenyewe. Kifaa nilikuwa nimekifuta dakika ishirini nyuma, na funguo zikaondoka nacho. Nikatafuta kwa jina. Nikatafuta kwa jina la mama. Nikatafuta tena kwa herufi kubwa, kana kwamba herufi ndizo zilizokuwa na tatizo.

"Kaka, upo?"

Nilikuwepo.

Mafaili ya mishahara hayakuwa OneDrive, hifadhi ya wingu. Yalikuwa Desktop, kwenye folda iitwayo MISHAHARA MPYA FINAL 2. Nilipanda basi kwenda Mwanza, nikaifuta kompyuta yote, nikaiweka upya. Mama naye akamwacha mgonjwa na jirani, akarudi na kivuko. Siku mbili tulikaa meza moja, yeye anasoma vocha za karatasi kwa sauti, mimi napiga chapa. Mchana alinipeleka kula sato na hakuniuliza hata mara moja kilichotokea. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Angenifokea ningepumua.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kumuunganishia akaunti upya, skrini ikamwomba neno la siri. Akabonyeza tarakimu sita. Ikakataa. Akanigeukia: "Umeona? Ndicho nilichokuwa nakwambia."

PIN. PIN ya Windows Hello imefungwa kwenye kompyuta ile moja tu, kwa RDP si kitu. Alikuwa anaitumia tangu siku aliyokabidhiwa mashine, kwa hiyo kwake hilo ndilo neno la siri, na hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye sikumuuliza kama ni herufi au namba. Swali la sekunde tatu. Sikumwambia, na nadhani mpaka leo anaamini ulikuwa mtandao wa Mwanza.

Kwa hiyo ukifika mahali pa kuitoa kompyuta kwenye muungano, na hufiki mara nyingi: tengeneza msimamizi wa ndani na umjaribu, nakili namba 48 pembeni, uliza mafaili yako wapi, kisha nipigie nikwambie usiitoe.

5. Kwenye programu ya RDP, kichupo cha Advanced, kuna kuingia kwa web account. Ndiyo njia yenu pale panapodaiwa uthibitisho wa hatua mbili, ila hapo inahitaji jina la kompyuta, ukiweka IP umejisumbua.

6. Mtumiaji wa kawaida awemo kwenye kundi la Remote Desktop Users la kompyuta ile. Wewe unaingia kwa sababu ni msimamizi, usilichukue hilo kama kipimo.

7. Asinijie mtu na "nimezima NLA ikakubali". Na 3389 haifunguliwi intaneti, hata kwa dakika tano, hata kama bosi yuko safarini. Mlikuwa shuleni BlueKeep, tundu la usalama kwenye RDP, ilipotoka mwaka 2019, waliotutangulia walikuwa hapa wanaweka viraka usiku.

8. Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa Security, namba 4625, yaani kuingia kulikoshindwa. Mwisho wa 6A kwenye 0xC000006A ni neno la siri, 64 kwenye 0xC0000064 ni jina lisilojulikana. Skrinshoti ya WhatsApp iliyokatwa nusu haina hayo.

Ile ya Dodoma? Nilimwambia kijana asome kosa kwa sauti. Akasoma: haionekani kwenye mtandao. Akampigia dada wa mapokezi wa kule, dada akabonyeza spesi, skrini ikawaka. Ilikuwa imelala. Jioni nikakuta tiketi imefungwa kwa maneno "Imetatuliwa, tatizo la Azure." Nimeifungua tena, nasubiri aandike "ilikuwa imelala", na mpangilio wa kulala auzime.