Kuhariri picha za bangili za shaba kabla ya kuziweka mtandaoni

Ndugu fundi wa Katwe, umeuliza kwa nini bangili zako za shaba nyekundu zinaonekana za njano pichani, na kama ni haki kufuta alama za nyundo kabla ya kuzionyesha mtandaoni.

Tuanze na rangi. Mwanga wa balbu karakanani hutia kila kitu umanjano, na mnunuzi wa Mbarara atakayepokea bangili tofauti na aliyoiona atakuwa na haki ya kulalamika. Piga picha nje kivulini, ukiweka karatasi nyeupe kando ya bangili. Kisha katika Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, fungua sehemu ya kusawazisha weupe, uchukue rangi kwenye karatasi hiyo, na ukisharidhika uikate itoke pichani. Karatasi nyingine ikiinamishwa kuelekea bangili hupunguza ule weusi wa simu unaojitokeza kwenye shaba iliyong'arishwa, ambao kuuondoa baadaye kwa programu ni taabu tupu.

Vumbi na nyuzi za kitambaa zifute bila wasiwasi, kwa kuwa si sehemu ya kazi yako. Alama za nyundo, nakusihi, ziache: ndizo zinazomwonyesha mnunuzi kwamba bangili imefuliwa kwa mkono. Mkwaruzo wa kweli uung'arishe kwenye bangili yenyewe, si kwenye picha. Usizidishe ukali wa picha pia, maana kingo za bangili zitazungukwa na mstari mweupe usiokuwepo.