Je, moto wa jikoni huondoa sumukuvu kwenye mahindi?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mvua ilitukuta mahindi yakiwa bado uani, na sasa baadhi ya punje zina ukungu wa kijani. Mama mkwe wangu anasema nikizichagua, nikakoboa na kusonga ugali ukaiva barabara, hayana madhara. Yaliyooza kabisa nampa ng'ombe. Nina mtoto wa miezi minane anayekunywa uji wa lishe. Nifanyeje?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Marahaba. Ushauri wa mama mkwe wako usiudharau, kwani kuchagua na kukoboa hupunguza sana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu: sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye punje zilizooza, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu, na kwenye pumba na kiini. Kosa liko kwenye moto. Sumukuvu huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi ili iharibike, ilhali maji ya ugali hayavuki nyuzi 100, hata ukisonga mpaka mkono uchoke. Tena haina ladha wala harufu, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hushambulia ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo angalia kadi ya kliniki uhakikishe mwanao alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ikiliwa kwa wingi, huua hata kabla ya saratani. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 msiba ukafika Dodoma, mkoani kwako, na Manyara.

Ninaloogopa zaidi katika barua yako ni ng'ombe. Sumu anayokula hutoka kwenye maziwa, hivyo ulichokitupa kinarudi kwenye kikombe cha mtoto. Mahindi yaliyooza yafukie, wala usimpe ng'ombe pumba zake. Kwa sasa mpikie mtoto uji wa mchele au ulezi, uongeze dagaa au yai mahali pa karanga, kwa maana karanga nazo hushika sumukuvu upesi.

Mahindi yaliyobaki yaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, kisha subiri dakika 15: chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, yarudishe juani kabla ya kuyatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa.