Anayeuguza Naye Apimwe

Nyumbani kwetu Makorora, hapa Tanga, kila aliyekuja kumjulia hali mama alimuuliza mdogo wangu maendeleo ya mgonjwa, ilhali yeye mwenyewe, ambaye ndiye analala naye, aliishia kupewa salamu tu na kujibu kama ada kuwa hajambo. Mama ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao madaktari huuita dimenshia. Usiku huamka, akajifunga kanga na kutaka kwenda Pangani kwa baba yake aliyefariki zamani, hivyo mdogo wangu hulala na ufunguo wa mlango kwenye pindo la kanga.

Ushauri wangu ni kwamba anayeuguza naye apimwe ameelemewa kiasi gani, tena kwa maswali yaliyotungwa kwa kazi hiyo. Dodoso la Zarit, lililotokana na kazi ya Steven Zarit na wenzake nchini Marekani mwaka 1980, katika toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 88. Huuliza kuhusu kukosa nafasi ya kufanya mambo yako, hasira unapokuwa na mgonjwa, fedha, na kutamani mwingine apokee kazi hiyo. Uzuri wake ni kwamba halitaki ndiyo au hapana, bali mara ngapi. Kwetu, ambako kumuuguza mzazi ni kutafuta radhi, ni binti gani atakayekiri kuwa amemchoka mama yake? "Mara chache" angalau inatamkika.

Mdogo wangu aliulizwa maswali hayo na muuguzi mara ya kwanza barazani, shangazi akiwapo, na shangazi ndiye aliyejibu mengi: "Huyu ana moyo, hachoki." Muuguzi, kwa busara zake, akamwomba wakae uani wawili tu, na majibu yakawa mengine kabisa. Hilo la faragha ningeliweka mbele ya yote.

Hata hivyo, kuelemewa si sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Sonona hupimwa kwa dodoso lake, na linalotumika sana ni PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita; jumla ya juu ni 27, na mwenye 10 au zaidi anahitaji kuonwa na daktari, kwa kuwa alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Aliyeelemewa bila sonona husaidika sana ndugu wakigawana zamu, lakini mwenye sonona anahitaji tiba, hata akipumzishwa. Katika dodoso hilo la sonona, swali la usingizi lichunguzwe zaidi, maana anayeamshwa na mgonjwa usiku kucha lazima akose usingizi. Mimi humuuliza mdogo wangu kama hupata usingizi siku ambazo mama amelala. Swali la mwisho, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, likijibiwa kwa lolote zaidi ya "hapana", apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Maswali haya yarudiwe kila hali ya mgonjwa inapobadilika, kwa mfano anapoanza kujikojolea au kutowatambua wanawe. Na kabla ya kuyauliza, ndugu wawe wamekwisha kukubaliana nani atalala na mgonjwa iwapo majibu yatakuwa mabaya. Sisi tulilijadili hilo baadaye, na kaka yetu wa Pongwe akachukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi.