Kabla ya kumshonea mjukuu, fua khanga

Bibi wenzangu wakisikia nawashonea wajukuu mablanketi ya vipande vya vitambaa, swali la kwanza huwa ni mtindo: nyota, maua, au jina lililodariziwa? Mimi nauliza mtoto analala mkoa gani, na nani anafua pale nyumbani. Ukishona kitu ambacho mama yake anaogopa kukifua, kitaishia kabatini, na mwenyewe atakiona siku ya wageni tu.

Kwa hiyo tuanze na kitambaa. Khanga mpya ina wanga, na rangi zake, hasa nyekundu na nyeusi, huchuja. Iloweke, ifue, ianike, ipige pasi, ndipo ushike mkasi. Ukishona kwanza ukafua baadaye, kila kipande kitarudi kwa kiasi chake na blanketi litavutana upande upande. Muuzaji akikuapia kuwa ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Sina ugomvi na poliesta kwenye pazia, lakini mtoto anayetoka jasho usiku ataipiga teke hadi chini. Mabaki ya vitenge kwa fundi wa mtaani yanafaa sana, na mara nyingi utapewa bure. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, viweke mbali.

Na soma jina la khanga kabla hujakata! “Nani kama mama” itampendeza kila mtu. “Hasidi hana sababu” ukiipeleka kwa mkwe wako, atajiuliza hasidi ni nani.

Kwa blanketi la mtoto wa shule mimi hukata miraba ya sentimita 15. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, inabaki 13. Panga 8 kwa upana na 11 kwa urefu, utapata sentimita 104 kwa 143. Kwa nini vipimo hivyo? Kwa sababu khanga moja ina takribani 110 kwa 150, na hiyo ndiyo inakuwa mgongo wa blanketi. Ziada inayobaki pembeni unaikunjia mbele, unaishona juu ya miraba, na pindo la khanga linakuwa fremu bila kununua kitambaa kingine. Pima khanga yako baada ya kuifua, maana hazilingani. Ikipungua, punguza miraba.

Unganisha safu moja moja. Pasi hapa ina kazi kubwa kuliko cherehani: safu ya kwanza laza mishono yote kulia, inayofuata kushoto, ili safu zikikutana mishono isirundikane mahali pamoja na kuvunja sindano. Kisha tandaza sakafuni khanga ya mgongo, kitambaa cha kati, na miraba juu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, ukisukuma mikunjo kwa kiganja. Ndipo upitishe cherehani kufuata mistari ya miraba. Cherehani ya kawaida ya mguu inatosha kabisa, mradi usiivute kazi kwa nguvu.

Kitambaa cha kati kinategemea mkoa. Wa Tanga au Dar mwekee shuka kuukuu la pamba. Wa Njombe au Mbeya mwekee blanketi jepesi la zamani.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimshonee cha kujifunika. Madaktari wa watoto wanashauri asilale na blanketi wala mto, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Mshonee kitandiko cha kuchezea chini, akiwa macho na mtu yuko naye. Vifungo na shanga usitie kabisa; vyote vinaenda mdomoni.

Ukiwa na wajukuu wengi, shona vyote kwa kipimo kimoja, rangi tu zitofautiane, na uvitoe siku moja. Watoto hupima, tena kwa mikono. Anayeweza kusoma mwache apange miraba yake mwenyewe sakafuni, hata akiweka njano juu ya njano. Nilitaka kupanga upya cha mmoja wao. Nikanyamaza, na bado macho yananiuma nikikiona.

Kitu kimoja cha ziada nakipenda: mfuko wa shati la marehemu babu yao, umekatwa mzima na kushonwa kwenye mraba wa pembeni. Mkubwa wao ana miaka 9, humo anaweka penseli na karatasi zake za siri. Ushone mara mbili kwenye pembe za juu, maana hapo ndipo hupasuka.

Ukikabidhi, mwambie mama mtu: sabuni ya kawaida, maji baridi, dawa ya kung’arisha nguo nyeupe isiguse, kianikwe kivulini. Kikichanika akirudishe, mabaki ya vitambaa bado ninayo.