Daftari la maswali: niliyojifunza nikizitafutia biashara za Tanga wateja mtandaoni

Kijana akija kujifunza kazi hii kwangu, siku ya kwanza simfungulii kompyuta. Nampa daftari dogo la mistari, nampeleka Ngamiani, Barabara ya 8, kwa shangazi yangu anayeuza visheti, vileja na mkate wa sinia. Kazi yake ni kukaa pale barazani siku mbili na kuandika kila swali linalotoka kinywani mwa mteja, kwa maneno yale yale ya mteja. Asiyanyooshe. Mtu akisema "Hivi ni vya leo au vya jana?", aandike hivyo hivyo. "Shikamoo bibi, vya elfu mbili vinatosha watu wangapi?" "Nikitaka vya shughuli niwaambie lini?" "Mnaleta mpaka Sahare?" Jioni ya siku ya pili daftari linakuwa na mambo ambayo mimi yalinichukua karibu miaka miwili kuyajua, na niliyajua kwa kupoteza hela za watu, za shangazi zikiwa za kwanza.

Nilipoanza nilidhani kutangaza ni kusifia. Nikamfungulia shangazi ukurasa Facebook na Instagram, nikaweka picha zenye maua pembeni, chini nikaandika: "Ladha isiyo na mfano, karibuni sana, bei njoo inboksi." Watu wakapenda picha. Wachache wakauliza "Bei?", nami nikawa nawajibu usiku nikishamaliza shughuli zangu nyingine. Aliyetaka visheti vya chai ya saa kumi alikuwa ameshakunywa chai yake na vitafunio vya jirani.

Ndugu zangu, hiyo "bei njoo inboksi" iacheni leo. Mtu akipita barazani anaona vitu vimepangwa, anasikia wa mbele yake anadaiwa kiasi gani, anajipima kimya kimya kabla hajafungua mdomo. Kwenye simu hana nafasi hiyo. Akiuliza bei halafu hela isitoshe, ataona haya, kwa hiyo wengi hawaulizi kabisa, wanapita. Nilipoanza kuandika bei juu ya picha yenyewe, kwa tarakimu kubwa, ujumbe ulipungua, lakini waliobaki walikuwa wanakuja na order, si na swali. Wafanyabiashara huniambia wanaogopa washindani wataona bei yao. Mshindani wako anaijua bei yako tangu zamani. Alishamtuma mtoto kununua.

Picha nazo zilibadilika kwa sababu ya daftari. Swali lililojirudia sana lilikuwa "Ni vikubwa kiasi gani?" Basi sasa tunapiga saa nne asubuhi, sinia likiwa kwenye kizingiti cha mlango ambapo mwanga unaingia lakini jua halipigi. Visheti vimerundikwa, kimoja kimevunjwa katikati ili ndani paonekane na sukari ya juu ionekane ilivyoshika, na mkono wa shangazi umeshika kingine. Mkono ule ndio kipimo. Maua tuliyaacha. Hatuweki urembo wa programu wala kubadili rangi, kwa kuwa mteja akiletewa kitu cheupe wakati picha ilikuwa ya dhahabu, hatarudi, na hatakwambia kwa nini.

Nikija kwenye WhatsApp, hapa nitakaa kidogo, maana kwa biashara ndogo za mji kama wetu pesa nyingi inapita hapa kuliko kwenye kurasa zote nyingine. Wekeni WhatsApp Business, ile programu iliyotoka 2018. Ni ya bure. Ina katalogi ya bidhaa zenye picha na bei, ina lebo za kutenganisha aliyelipa na ambaye bado, na ina majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, kisha ukigonga alama ya mkwaju (/) na neno fupi, jibu zima linatokea. Majibu yangu yote ya haraka yametoka daftarini. "Vya shughuli tuambie siku tatu kabla, tunapokea nusu ya malipo." "Sahare na Makorora tunaleta kwa bajaji, nauli ni ya mteja." Mwandikie vilevile lipa namba pamoja na jina linalotokea wakati wa kulipa, maana mtu akiona jina asilolijua anasita kuthibitisha.

Kosa langu kubwa huko lilikuwa la orodha za matangazo (broadcast list), ambapo ujumbe mmoja unawaendea wengi, kila mmoja kwake. Mwaka mmoja, kabla ya Ramadhani, nilikusanya namba za wateja kutoka kwenye simu ya shangazi, nikatengeneza orodha, nikatuma tangazo la oda za Idd, nikasubiri. Kimya. Nilipofungua taarifa za ule ujumbe nikakuta umewafikia watu wachache mno. Orodha moja inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Sisi tulikuwa nazo namba zao. Wao hawakuwa na yetu. Statasi nayo ni hivyo hivyo kwa mpangilio wa kawaida: asiyekuhifadhi haioni.

Dawa aliipata shangazi mwenyewe, mimi nikiwa bado nasoma maelezo mtandaoni. Akimkabidhi mteja mfuko, hauachii mara moja. Anasema, "Mwanangu, hebu niandike kwenye simu yako. Andika Shangazi Visheti, Barabara ya 8." Anasubiri mpaka mteja amalize kuandika, ndipo anaachia mfuko. Wanacheka, lakini wanaandika. Na jina lenyewe lina kazi: mtu akiwa na hamu ya kitafunio miezi minne baadaye, hatakumbuka jina la ukurasa wetu, ataandika "visheti" kwenye simu yake na sisi tutatokea. Idd iliyofuata tulifunga oda siku mbili mapema kwa sababu mikono haikutosha.

Namba hizo ni amana. Usichote namba za watu kwenye magrupu ya misiba na harusi ukaanza kuwarushia matangazo. Mbali na kwamba wataku-block, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na namba ya mtu ni taarifa yake. Muulize kwanza: "Nikutumie tukiwa na vitu vipya?" Anayekubali kwa mdomo wake ndiye anayenunua.

Matangazo ya kulipia yana wakati wake. Mara ya kwanza nilibusti posti ya mkate wa sinia nikaiacha iende Tanzania nzima, nikifikiri wengi zaidi ndiyo bora. Meseji zikamiminika kutoka Mwanza, Mbeya, Dodoma, watu wenye heri kabisa, na mkate ule siku ya pili hauliki. Hela ikaisha. Sasa naweka pini mjini na kuchora duara linalofika Pongwe tu, siku tano, hela ndogo, na ninalipia ile posti ambayo tayari imeuliziwa sana bila kulipiwa. Posti ambayo haikumgusa mtu bure, kulipia hakutaifufua. Lakini kwa achari na vitu vya kukaa, tunafungua Dar es Salaam, kwa kuwa mabasi yanatoka Kange kila siku na mzigo unafika.

Wafuasi wa kununua nitasema kwa ufupi. Niliwahi kumnunulia mteja wangu mmoja. Namba ya juu ikapanda, maswali yakabaki yale yale, na baadaye hata wateja wa kweli wakawa hawaoni posti zake, kwa kuwa mtandao unatazama wangapi kati ya wafuasi wako wanagusa unachoweka, na wale wa kununua hawagusi kitu. Nilimrudishia hela yake. Msiguse.

Kwa wenye nyumba za wageni, migahawa na maduka yenye mlango, anzeni na Google Business Profile, ule ukurasa wa biashara yako unaotokea kwenye Google na ramani yake, ulioitwa Google My Business hadi 2021. Ni bure. Mtu akitafuta "gesti Raskazone", Google wenyewe wanasema wanapanga majibu kwa kutazama unavyolingana na alichotafuta, ulivyo karibu naye, na unavyojulikana. Umbali huwezi kuubadili, lakini hayo mengine yako mikononi mwako: saa za kufungua zilizo sahihi, picha za sasa, simu inayopokelewa. Na pini! Kuna nyumba moja nzuri Raskazone iliyokuwa ikipoteza wageni wa usiku bila kujua sababu. Nilimfuata mgeni mmoja kwa simu akiwa kwenye bajaji: ramani ilimpeleka mtaa wa pili, kwenye geti jeusi la mtu binafsi, mbwa wakabweka, dereva akakataa kuendelea. Tulisogeza pini, tukaweka picha ya geti lilivyo mchana na lilivyo usiku taa ikiwaka. Kazi ya dakika ishirini. Maoni ya wateja yaombeni siku mgeni anapoondoka, akiwa bado ameridhika, na msijiandikie wenyewe. Google wanayafuta ya uongo, na msomaji naye si mjinga.

Sasa wanablogu. Nilikuwa na blogu ya kuitangaza Tanga, na makala yangu ya kwanza niliipa kichwa "Tanga raha, waja leo waondoka leo". Niliipamba kweli kweli. Waliosoma ni rafiki zangu. Makala iliyonifungulia njia niliiandika kwa uvivu, nimenakili tu maswali ya wageni wa ile nyumba ya Raskazone: kwenda Mapango ya Amboni kutoka mjini. Ni mbali kiasi gani? Takriban kilomita 8, barabara ya kuelekea Mombasa. Naenda na nini? Ndani kuna giza kiasi gani? Nivae viatu gani? Mtoto mdogo anaweza? Kila swali nikalifanya kichwa kidogo, chini yake jibu la sentensi mbili tatu. Ile ya kwanza iliandikwa kwa ajili yangu. Hii ya pili mtu aliihitaji akiwa amesimama stendi na begi.

Unganisheni blogu na Google Search Console tangu siku ya kwanza. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi makala yako ikatokea, ilitokea mara ngapi, na waliifungua mara ngapi. Kwangu mimi ni daftari la pili, ila hili linaandikwa na watu nisiowaona. Humo niligundua watu wanatafuta magofu ya Tongoni na usafiri wa Pangani, mambo niliyoyagusa kwa mstari mmoja tu. Nikayaandikia makala zake. Makala inayotokea sana na kufunguliwa kidogo, badilisheni kichwa chake kwanza. Msitegemee matokeo ndani ya wiki. Yangu ilikaa miezi kadhaa ndipo ikapanda. Na nauli na viingilio vinabadilika, kwa hiyo kila robo mwaka nazipitia upya, maana mtu akifika getini na hela pungufu kwa sababu yangu, nimemdhulumu.

Kabla hamjaifanya blogu kuwa biashara, someni kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), zilizoanza 2018 na kuandikwa upya 2020, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, mjue kama kazi yenu iko kwenye kundi linalohitaji leseni. Nendeni mkaulize ofisini kwao. Mitandaoni kila mtu ana jibu lake.

Daftari la shangazi sasa ni la sita. Ukurasa wa kushoto ni maswali, wa kulia ni jibu la swali moja ambalo sisi ndio tunamuuliza kila mteja mpya: "Umetujulia wapi?" Tunachora kijiti chini ya WhatsApp, Facebook, ramani, au "nimeambiwa na mtu". Mwisho wa mwezi tunahesabu vijiti ndipo tunapanga hela ya mwezi unaofuata iende wapi. Wiki iliyopita upande wa kushoto limeingia swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Mnaweza kunitumia Pemba, vikafika havijalainika?" Jibu sina bado. Shangazi anajaribu kuvifunga kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na mimi kesho asubuhi naenda bandarini kuuliza safari za boti.