Mzee amekataa mazoezi baada ya kiharusi: msimwite mvivu

Pole kwa kuuguza, dada. Unasema mzee wako alianza vizuri alipotoka hospitali, lakini siku hizi hataki mazoezi wala kuongea, na ndugu zako wanasema ni uvivu. Nimemuuguza mama hapa Kayole, Nairobi, kwa miaka sasa, na hilo neno linaniuma.

Mama naye alikuwa ameshaanza kutembea akishika ukuta. Kisha akanyamaza. Chakula anasukuma, usiku macho makavu, redio aliyoipenda hataki hata iwashwe. Tuko ghorofa ya tatu, ngazi hawezi, basi ni kitanda na dirisha. Majirani wakasema ni uzee. Daktari wa kliniki ya presha ndiye aliyemuuliza habari za usingizi na hamu ya kula, akatuambia ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Ilichukua muda, lakini mazoezi aliyarudia mwenyewe.

Jambo hili limechunguzwa sana. Watafiti wa King's College London wana rejista ya wagonjwa wa kiharusi wa London kusini tangu 1995, na huwafuatilia mwaka baada ya mwaka hata wakishatoka wodini. Wakati wowote walipopimwa, takriban watatu kati ya kumi walikuwa na sonona. Ndani ya miaka 15, zaidi ya nusu walikuwa wameipata wakati fulani. Kwa hiyo usishangae ikija baada ya miezi mingi. Ubongo wenyewe umejeruhiwa, na mtu amepoteza kazi, mkono, na heshima ya kujiogesha.

Kliniki ijayo usiseme tu "amekataa mazoezi". Eleza kama usiku hapati usingizi, hataki chakula, au analia. Beba dawa zake zote, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zikichanganywa na za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Akitaja kufa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za presha asiache hata akijisikia nafuu, na msimwinue kwa kuvuta mkono ule dhaifu; bega huumia.

Kwetu, vijana wa ploti humshusha mama Jumamosi akaote jua na wenzake. Omba msaada huo, watu hukubali.

Je, mzee anaongea vizuri au maneno yamepotea? Kama yamepotea, mwambie daktari mapema, maana mzee hataweza kujibu maswali ya kawaida ya daktari.