Mikono ya fundi wa simenti

Dada, umeuliza kama ni vumbi la mawe ya volkano linalopasua na kuwasha mikono ya mume wako, anayejenga nyumba huko Himbi, Goma. Kwa maoni yangu lawama kubwa ni ya simenti, ambayo ikichanganywa na maji hukaribia ukali wa soda ya kutengenezea sabuni na huondoa mafuta yanayoilinda ngozi, tena bila kuuma papo hapo, ndiyo maana fundi hushtuka jioni. Isitoshe, simenti huwa na kromiamu VI, aina ya madini ya kromiamu inayoweza kuleta mzio. Umoja wa Ulaya uliiwekea kromiamu hiyo kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya simenti tangu 2005. Apumzike kidogo: ngozi ikipona, kisha ikawasha tena kwa kugusa simenti kidogo tu, mzio unawezekana, na daktari wa ngozi ndiye wa kuuthibitisha. Avae glavu ndefu za mpira, zikiwa kavu ndani, kwa sababu simenti iliyoingia hubanwa kwenye ngozi kutwa nzima. Anawe kwa maji safi mengi, si kwa mazutu (dizeli) wala javeli (dawa ya kung'arishia nguo), kisha apake vazelini. Malengelenge yakitokea, aende hospitali siku hiyo hiyo.